Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: majibu ya wananchi yarudi vijijini

Kwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri zetu, Waheshimiwa Wabunge na Madiwani, na wakuu wa taasisi zinazokuja kufanya utafiti huku kwetu.

Waheshimiwa,

Salaam nyingi kutoka Newala. Mimi ni mkulima wa korosho, na msimu ukiisha huwa naitwa kufanya kazi ya udadisi. Nabeba kishikwambi, naingia kaya hadi kaya, nawauliza watu wanaionaje serikali yao, wanamwamini kiongozi gani, walipiga kura au hawakupiga, na sababu ni ipi. Kazi hiyo imenipitisha Tandahimba, Nanyamba, Mtama na hadi Kilwa. Nawaandikia kwa jambo moja. Majibu tunayoyachukua kwa wananchi hayarudi kwa wananchi, na upo utafiti uliofanywa ng'ambo tu ya Mto Ruvuma unaoonyesha kwamba tabia hiyo ina madhara. Kulirekebisha kuko ndani ya uwezo wenu.

Utafiti wenyewe ulifanyika Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini kabisa mwa Msumbiji, ambako wengi wetu tuna ndugu wa damu. Kuanzia mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi sana baharini mbele ya mkoa ule. Watafiti wanne, Alex Armand, Alexander Coutts, Pedro Vicente na Inês Vilela, walichukua jamii 206 wakazigawa makundi kwa bahati nasibu. Kundi moja halikupelekewa chochote. Kundi jingine lilipelekewa habari za gesi, yaani kilichogunduliwa, kinachotarajiwa na haki za wananchi kisheria, lakini habari hizo akapewa kiongozi wa eneo peke yake. Kwingine alipewa kiongozi na wakapewa wananchi pia, na katika baadhi ya sehemu wananchi wakakaa vikundi vidogo wakajadiliana faida ya gesi itumike vipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la American Economic Review.

Habari zilipoishia kwa kiongozi, uchu wa kujinufaisha uliongezeka. Yule aliyejua peke yake alianza kujipanga kuvutia faida upande wake na wa watu wake. Habari zilipowafikia wananchi, watu walijitokeza zaidi katika mambo ya jamii, imani ilipanda, walidai hesabu kwa wakubwa wao, na matukio ya vurugu yakapungua.

Yakapungua, Waheshimiwa. Kwa miaka mingi nimesikia watu wazima, tena wasomi, wakisema wananchi wakiambiwa mengi kuhusu gesi watafanya fujo, kwa hiyo afadhali wasiambiwe mpaka mambo yaive. Utafiti huu umeonyesha kinyume chake, na umeonyesha kwa jirani zetu, watu tunaozungumza nao Kimakonde na kuoleana nao. Sisemi kwamba mikutano ya vijiji ingezuia vita iliyoanza Mocímboa da Praia, mji wa hukohuko Cabo Delgado, Oktoba 2017. Vita ile ina mizizi mingi, na sisi wenyewe moto wake ulitufikia kijijini Kitaya, upande wetu wa Ruvuma, mwaka 2020. Ninachosema ni kwamba hoja ya kuwaficha watu ili pawe na amani imepimwa, na haikusimama.

Na sisi tulishaipima kwa gharama yetu. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki. Januari 2013 fujo zikazuka Mtwara na Masasi. Mei 22, 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, mji wa Mtwara uliwaka. Watu walikufa, nyumba zikachomwa, wanajeshi wakaletwa. Mzee mmoja wa Mtwara niliyemhoji miaka kadhaa baadaye aliniambia kwamba habari za bomba la kwenda Dar es Salaam aliziona kwenye televisheni ya mgahawa, akiwa anakunywa chai, wakati gesi yenyewe ilikuwa imevumbuliwa Mnazi Bay tangu mwaka 1982, karibu na kwao. Hakuwa amekasirishwa na bomba. Alikasirika kwa sababu aliyekuwa akija kijijini kwao kuomba kura alijua, na hakusema. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015 na linafanya kazi hadi leo. Ubishi wa iende au isiende umekwisha. Deni lililobaki ni la kuelezwa.

Sasa naomba mnivumilie nieleze jinsi majibu yanavyopatikana, maana wengi wenu mnasoma ripoti tu na hamjawahi kukaa kwenye kigoda uani mkiuliza.

Mdadisi akifika wilayani anakwenda na barua ya utambulisho. Barua inapita kwa Mkurugenzi, inashuka kwa mtendaji wa kata, inashuka kwa mtendaji wa kijiji, na huyo anamwita mwenyekiti wa kitongoji atupeleke kwenye kaya. Ni utaratibu mzuri wa ulinzi na heshima. Lakini mhojiwa anachokiona ni hiki: mgeni ameletwa na serikali. Nilikuwa na mama mmoja juu ya uwanda wa Makonde, msimu wa mabibo, mikono yake imeiva kwa utomvu wa korosho, tunazungumza vizuri kabisa. Nilipomuuliza ana imani kiasi gani na halmashauri ya kijiji, akasema, "Mwanangu, imani itoke wapi? Hesabu hatujasomewa tangu mwenyekiti huyu aingie." Nikawa naandika. Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekuwa amejipumzisha chini ya mwembe, akaja kuomba maji ya kunywa. Mama akanyamaza, akamchotea maji, akasubiri anywe. Mwenyekiti alipoketi karibu yetu, mama akaniambia kwa sauti ya wote kusikia: "Andika imani ninayo, tena kubwa." Na kwa kanuni za kazi yetu, jibu la mwisho la mhojiwa ndilo linaloandikwa.

Ripoti ikitoka inasema wananchi wa vijijini wana imani kubwa na viongozi wao. Mnaisoma, mnafurahi.

Wanaofanya utafiti wanalijua jambo hili vizuri. Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi katika nchi za Afrika, ambao hapa nchini kazi yao imekuwa ikifanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA, huweka mwishoni mwa dodoso swali linalomtaka mhojiwa aseme anadhani nani ametutuma. Wengi hujibu ni serikali, hata baada ya kuelezwa mara mbili kwamba sivyo. Mtafiti Marcus Tannenberg wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, alizichambua takwimu za Afrobarometer za nchi nyingi za Afrika. Akaona kwamba katika nchi ambazo uhuru wa kisiasa ni mdogo, anayedhani mdadisi ametumwa na serikali huisifu serikali zaidi kuliko mwenzake anayeamini mdadisi ni huru, na katika nchi zenye uhuru zaidi tofauti hiyo ni ndogo sana. Kwa hiyo takwimu zinazowapendeza zaidi huenda ndizo zilizobeba hofu nyingi zaidi. Kiongozi anayetaka kujua hali halisi ya watu wake anapaswa kuwa wa kwanza kuiondoa hofu hiyo, kwa sababu yeye ndiye inayempotosha.

Na hofu haikutoka hewani. Julai 2018 shirika la Twaweza walitoa matokeo ya utafiti wao wa maoni uitwao Sauti za Wananchi, yaliyoonyesha kwamba waliokuwa wakiukubali utendaji wa Rais walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, wakashuka hadi 71 mwaka 2017, kisha 55 mwaka 2018. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ikawaandikia barua kuhoji kibali, na mkurugenzi wao akanyang'anywa pasipoti. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa kwa namna iliyofanya kutoa takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa. Mwaka 2019 kifungu hicho kilirekebishwa tena, na hilo ni jambo jema linalostahili kusifiwa. Lakini habari ya kwanza ilifika vijijini haraka kuliko ya pili. Hadi leo kuna wahojiwa wanaoniuliza kama wakijibu vibaya watanyimwa salfa ya korosho. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaogopa dodoso lisije likamkosesha dawa ya kupulizia mikorosho.

Yapo mambo mengine mawili kwenye tafiti hizi ambayo nadhani yanawahusu moja kwa moja.

La kwanza ni kura. Vyama vyote huku Kusini vina tabia ya kuja na makaratasi ya maendeleo miezi miwili kabla ya uchaguzi, kana kwamba mpiga kura akionyeshwa jedwali atabadilika palepale. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya majaribio sita yaliyofanywa kwa mtindo unaofanana katika nchi za Benin, Brazili, Burkina Faso, Meksiko na Uganda. Wapiga kura walipewa habari za utendaji wa wanasiasa wao muda mfupi kabla ya uchaguzi. Kwa ujumla haikubadilisha kura kwa kiasi cha kuonekana. Nikilitazama hilo kwa macho ya kwetu silishangai hata kidogo. Taarifa inayoletwa wakati wa kampeni inapokelewa kama kampeni. Mtu anauliza kwanza nani kaileta na anataka nini.

Hiyo haina maana kwamba mpiga kura wa Kusini hafuatilii. Mwaka 2015 CUF walichukua Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga, Liwale na majimbo yote mawili ya Kilwa, na CHADEMA wakachukua Ndanda. Mwaka 2020, wakati karibu majimbo yote ya Tanzania Bara yalipokwenda CCM, Mtwara Vijijini ilikwenda CUF. Sitaji haya kwa kuwa na chama, na naomba msiyasome hivyo. Nayataja kwa sababu nimewahoji watu hao, najua wanakumbuka nani aliahidi nini kuhusu gesi, nani alisimama bungeni mwaka 2018 fedha za ushuru wa kusafirisha korosho nje zilipoondolewa kwenye mfuko wa zao letu, na nani alinyamaza. Wanachokosa ni taarifa ya kawaida, ya kila mara, isiyokuja na kofia wala fulana.

La pili ni fedha. Laura Paler, mtafiti Mmarekani, alifanya jaribio vijijini katika wilaya ya Blora, Indonesia, na kulichapisha mwaka 2013. Aliona kwamba wananchi wakihisi fedha ya serikali imetoka mifukoni mwao kwa njia ya kodi, huifuatilia kwa ukali. Wakihisi imedondoka tu, kama fedha ya mafuta au gesi, ukali hupungua. Lakini walipoonyeshwa namna fedha inavyotumika, waliijali ile ya kudondoka sawasawa na ile ya kodi.

Waheshimiwa, hapo ndipo Mtwara na Lindi zilipo. Ushuru wa korosho kila mkulima anaujua. Mnadani tunakusanyika, bei za wanunuzi zinatangazwa mbele yetu, tunasema tunauza au hatuuzi. Baada ya hapo tunatajiwa makato ya kila kilo: ya halmashauri, ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya ghala, ya usafiri. Mama asiyejua kusoma anaweza kukutajia makato yote kwa mpangilio, na akiona shilingi kumi imeongezeka atauliza ni ya nini. Ndiyo maana mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, hakuna aliyehitaji kuandikiwa tangazo. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo huu wa kuuza korosho kwa mnada kupitia ghala, ina kasoro zake, tumezilalamikia tangu ilipoanza msimu wa 2007/2008, lakini imetufundisha kusomewa hesabu hadharani, na hakuna aliyechoma ghala kwa sababu amesomewa bei.

Gesi haisomwi na mtu. Kampuni zinazochimba na kuuza gesi hulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao kisheria ni sehemu ndogo ya mauzo. Halmashauri za Kilwa na Mtwara zimekuwa zikiupokea. Ni fedha ya wananchi kama ilivyo ya korosho. Muulizeni mtu yeyote wa Msimbati, Madimba au Songo Songo mwaka jana iliingia kiasi gani na ilijenga nini. Nimeuliza swali hilo kwa njia tofauti nyingi, na jibu ninalopewa mara kwa mara ni kutikiswa kichwa. Madiwani wanaijua, kwa sababu imo kwenye makabrasha ya baraza. Tumefanya yaleyale ya kundi la pili la Cabo Delgado: habari imefika kwa kiongozi na ikaishia hapo.

Na matokeo ya tafiti nayo yanaishia hapo. Ripoti inazinduliwa kwenye ukumbi wa hoteli, Dar es Salaam au Dodoma, mara nyingi kwa Kiingereza. Ikishuka mkoani inakuja kama warsha: watendaji wanajaza fomu ya posho, wanapewa kabrasha, wanarudi. Yule mama wa mabibo aliyetupa saa nzima ya siku yake, akaacha korosho zake juani, hajapata hata karatasi moja inayosema wenzako wa wilaya hii walijibu hivi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hii, swali ninaloulizwa kuliko yote wakati wa kuaga ni "Majibu mtaleta lini?" Nimechoka kujibu kwamba wakubwa watawajulisha.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha yetu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 30 kumjibu raia aliyeomba. Vyote vipo. Wakuu wa Mikoa, agizeni kwamba katika kila mkutano wa robo mwaka, baada ya mapato na matumizi ya kijiji, isomwe pia fedha ya gesi iliyoingia halmashauri katika robo hiyo na miradi iliyopelekewa. Isomwe kwa kipaza sauti, ibandikwe kwenye mbao za matangazo, na pawe na muda wa maswali usiokatwa kwa kisingizio cha jua kali. Mahali ambapo mkutano wa robo mwaka haujaitishwa, na vijiji vya namna hiyo mnavijua kuliko mimi, anzeni hapo.

Wakurugenzi, ninyi ndio mnaosaini barua za watafiti. Wekeni sharti moja kwenye barua hizo: kila anayekuja kuhoji wananchi wa wilaya arudishe muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili chepesi, katika vijiji vilevile alivyohoji, na aje mtu wa kuusoma na kujibu maswali. Nauli ya siku hiyo iwemo kwenye bajeti yake tangu mwanzo, kama ilivyo nauli ya kuja kuhoji. Na waelekezeni wenyeviti wa vitongoji kwamba kazi yao ni kutufikisha mlangoni na kutuacha. Wasikae, wasipite kuomba maji.

Kwa taasisi za utafiti nina neno dogo. Mwaka 2015 REPOA na wenzao wa Center for Global Development, pamoja na Profesa James Fishkin wa Stanford, waliwakusanya Watanzania wa kawaida kutoka pande zote za nchi wajadili matumizi ya gesi asilia. Wakulima na wavuvi walikaa, wakawahoji wataalamu, na walipomaliza misimamo yao katika baadhi ya mambo ilikuwa imebadilika. Kwa hiyo mnajua inawezekana. Tunaomba ifanyike huku iliko gesi, chini ya miembe, kwa gharama ndogo, na isiwe ya utafiti tu.

Haraka yangu inatokana na Likong'o. Nchi imegundua gesi inayokadiriwa kufikia futi za ujazo trilioni 57.54, na sehemu kubwa yake iko baharini mbele ya pwani yetu. Juni 2022 serikali ilisaini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell kuhusu mtambo wa kusindika gesi utakaojengwa Likong'o, Manispaa ya Lindi. Mazungumzo yamechukua muda mrefu, na muda huo ni nafasi. Vijiji na mitaa ya Lindi bado inaweza kuambiwa mapema, kwa utulivu, ardhi ipi itatumika, halmashauri itapata nini, ajira zipi zitakuwepo na zipi hazitakuwepo, kabla habari hazijafika kupitia televisheni ya mgahawa. Waambieni hata yasiyofurahisha. Mwananchi aliyeambiwa kwamba ajira za kudumu ni chache anaweza kupanga maisha yake; aliyeahidiwa elfu na akapata kumi atawachukia wote, hata wasiohusika.

Wadadisi wa huku tunafahamiana, na nimezungumza na kadhaa wao kabla ya kuandika. Tuko tayari kusaidia kusoma matokeo vijijini, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, Kiyao au Kimwera pale wazee wanapohitaji. Mikutano ya robo hii inaitishwa karibuni. Tunasubiri kauli yenu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mdadisi na mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara.